Maana ya athari za uhusianifu katika mtawanyiko wa nukleoni chache

Nukleoni ni jina la pamoja la protoni na nyutroni, chembe zinazojenga kiini cha atomu. Katika jaribio la mtawanyiko wa nukleoni tatu, nyutroni hurushwa kuelekea dyuteroni, ambayo ni protoni moja na nyutroni moja zilizoshikamana kwa nishati ya MeV 2.22 tu (MeV ni kipimo cha nishati, sawa na elektronivolti milioni moja), kisha hupimwa ni chembe ngapi zimetoka kwa kila pembe. Matokeo hayo hukokotolewa kwa milinganyo ya mwanafizikia Faddeev ya mwaka 1960, ambayo kwa kawaida hutumiwa bila kanuni za uhusianifu za Einstein, yaani kanuni za mwendo zinazohitajika kasi inapoikaribia ile ya mwanga. Hesabu hiyohiyo ikirudiwa kwa kuzifuata kanuni hizo, tofauti inayojitokeza ndiyo huitwa athari za uhusianifu.

Tofauti iliyo rahisi kuiona ni ya kasi. Nyutroni yenye nishati ya MeV 10 huenda kwa asilimia 14.5 ya kasi ya mwanga, na fomula ya Newton hutoa 14.6, kwa hiyo hakuna hasara kubwa. Kwa MeV 200, jibu sahihi ni takriban asilimia 57, ilhali Newton anatoa 65. Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga anaweza kulihakiki hilo kwa kikokotoo.

Wengi huishia hapo, nami naona wanaacha kiini cha jambo. Chukua kivuko cha Pangani kinachovuka kwenda Bweni, na juu ya sitaha watu wawili wanavutana kamba iliyokingama na mwendo wake huku wa tatu akiwatazama kutoka ukingoni. Kwa Newton, mvutano wa kamba ni uleule, kivuko kiwe kimetia nanga au kinakwenda. Kwa Einstein sivyo: anayetazama kutoka ukingoni hupata kipimo kingine cha nguvu hiyo, ingawa kwa kasi ya kivuko tofauti ni ndogo mno kupimika. Nukleoni nazo ziko hivyo, kwa kuwa nguvu kati ya nukleoni mbili imeainishwa kutokana na mtawanyiko wa jozi inayotazamwa katika kitovu chake cha masi, yaani na mtazamaji anayekwenda pamoja nayo, ilhali ndani ya kundi la nukleoni tatu kila jozi inakwenda ikilinganishwa na nukleoni ya tatu, na hivyo nguvu yenyewe lazima irekebishwe kulingana na mwendo wa jozi. Hakuna namna ya kulipata rekebisho hilo kwa kubadilisha fomula ya kasi peke yake.

Kuna pia spini, sifa ya asili ya nukleoni inayofanana na kujizungusha, ambayo mwelekeo wake hugeuka kidogo mabadiliko mawili ya mwendo yasiyo ya mstari mmoja yanapofuatana. Mgeuko huo huitwa mzunguko wa Wigner.

Ukubwa wa athari hizi hutegemea kinachopimwa. Dyuteroni ikibaki nzima, hesabu zilizofanywa hadi MeV 250 zinaonyesha mabadiliko madogo, hasa kwenye pembe za kurudi nyuma. Ikivunjika, baadhi ya mipangilio ya chembe tatu zinazotoka hubadilika zaidi. Jambo hili lina uzito kwa sababu vipimo vya MeV 250 vilivyofanyika Osaka, Japani, vilizidi hesabu kwenye pembe hizo za nyuma hata baada ya kuongeza nguvu inayozihusisha nukleoni zote tatu kwa pamoja, na uhusianifu, ulipohesabiwa kwa uangalifu, haukuliziba pengo hilo. Kwa hiyo wanaolitafutia sababu wanaielekeza shaka yao kwenye nguvu ya nukleoni tatu yenyewe, hasa sehemu zake za masafa mafupi.