Duka la vitabu la Kisovieti halikuwa tupu

Wengi tumesikia kwamba maduka ya vitabu katika Umoja wa Kisovieti yalikuwa matupu, au yalijaa hotuba za Chama cha Kikomunisti tu. Hotuba zilikuwepo, tena tele. Lakini vitabu vya watoto, hesabu na sayansi viliuzwa kwa bei nafuu sana. Vilivyoadimika ni riwaya zilizopendwa. Kuanzia 1974, mtu alipeleka kilo 20 za karatasi chakavu, akapewa kuponi ya kununulia kitabu kimoja cha aina hiyo. Kilo ishirini, za kubeba mkononi! Mimi naiona hapo kiu ya kusoma.

Ukipata kitabu cha Kirusi cha miaka hiyo, fungua kurasa za mwisho: utakuta idadi ya nakala zilizochapwa, na mara nyingi bei yake kwa kopeki, senti za Kisovieti.