Umeweka ISO kwenye flashi. Haijawa ya kubuti

"Fundi, flashi nimeifomati, Windows nimeiweka ndani, lakini mashine haiioni." Wiki hii huyu ni wa tatu. Nikaichomeka, nikakuta nilichokitarajia: faili moja la ISO, GB 5 na ushee, limekaa peke yake kwenye flashi ya exFAT, mojawapo ya fomati za kupangia mafaili. Ni exFAT kwa sababu FAT32, fomati ya zamani zaidi, ilimkatalia faili kubwa hivyo, naye badala ya kujiuliza kwa nini, akabadilisha fomati.

ISO ni nakala ya diski nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Mashine inapobuti, yaani inapowaka na kutafuta mfumo wa kuendesha, haina habari na faili hilo. Ni kama kumeza kopo zima la dawa bila kulifungua, kisha ukasubiri homa ishuke.

Hapo huingia wajuaji: "Kunakili hakufai kabisa, lazima programu maalumu." Hawa ndio hunichosha zaidi, maana nao wamekosea. Fungua ISO, nakili yaliyomo (yaliyomo, jamani, si ISO yenyewe) kwenye flashi ya FAT32, na mashine ya biti 64 yenye UEFI (programu ya ndani inayoiwasha mashine ya kisasa) itabuti. Hakuna uchawi: UEFI inajua kusoma FAT, inatafuta EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ikilikuta inaliendesha. BIOS, iliyofanya kazi hiyo kwenye mashine za zamani, ni habari nyingine. Yenyewe haijui mafaili. Inasoma sekta ya kwanza, baiti 512 zinazoishia na 55 AA, na kuendesha msimbo uliomo. Unakili mafaili hata elfu, sekta hiyo huigusi. Ndiyo maana watu wawili hubishana, kila mmoja anaapa kuwa amejaribu kwa mkono wake, na wote wanasema kweli.

Kikwazo ni install.wim, faili lililobeba Windows yenyewe. Kwenye ISO nyingi za Windows za siku hizi linazidi GB 4, na FAT32 haipokei faili la ukubwa huo. Ama uligawe kwa DISM, zana iliyomo ndani ya Windows, liwe vipande vya .swm, ama uiachie Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kubuti: inatengeneza patisheni (sehemu ya flashi) ya NTFS, fomati inayopokea mafaili makubwa, na pembeni nyingine ndogo ya FAT yenye kiendeshi cha kuiwezesha UEFI kusoma NTFS. Mimi naiachia Rufus. Uvivu wangu siuonei haya.

Na usinitajie Ventoy, programu nyingine ya flashi za kubuti, kama ushahidi kwamba kunakili ISO nzima kunatosha. Kweli, pale unadondosha ISO nzima na mambo yanakwenda, lakini Ventoy imeshasimikwa kwenye flashi kabla. Inayobuti ni yenyewe. ISO inaifungua baadaye.

ISO nyingi za Linux huandikwa kwenye flashi baiti kwa baiti. Ukimaliza, Windows inaweza kukuonyesha flashi ya GB 32 kama ya MB chache, na mtu akaitupa. Haijafa: fungua diskpart (zana ya diski ya Windows), chagua diski, toa amri ya clean, fomati upya. Hakikisha tu namba ya diski, maana clean haikuulizi mara mbili.

Halafu kuna hili ambalo sijawahi kuridhika na maelezo yake, hata yangu mwenyewe: flashi imetengenezwa sawasawa, mashine inaikataa kwenye tundu la USB 3, ukiihamishia la USB 2 inabuti. Siku hizi nahamisha tundu kwanza kabla sijafomati upya chochote. Hata ya huyu wa tatu, baada ya kupita Rufus, iligoma kwenye tundu la mbele ikabuti kwenye la nyuma.