Kunakili kilemba chekundu cha van Eyck

Wanafunzi wangu wa rangi za mafuta siwaanzishi na Mona Lisa. Nawapa mwanamume mwenye kilemba chekundu wa Jan van Eyck, mchoraji wa Flanders wa karne ya 15, picha iliyoandikwa kwenye fremu yake tarehe 21 Oktoba 1433, na ambayo leo iko National Gallery, London. Bila fremu ni takriban sentimita 26 kwa 19. Ni ndogo kuliko karatasi ya A4, kwa hiyo utainakili kwa ukubwa wake halisi. Van Eyck alichora juu ya mbao za mwaloni. Sisi hadibodi iliyopakwa chaki na gundi inatutosha.

Kinachowatoa wengi jasho ni wekundu wenyewe. Aliyezoea enameli za Tingatinga, zinazoziba chochote kilicho chini, huhangaika kuchanganya nyekundu moja inayofanana na ile. Haipatikani, maana ziko mbili. Van Eyck alijenga mikunjo ya kitambaa kwa nyekundu nzito ya zebaki, kisha akapitisha juu yake nyekundu nyingine, nyepesi na angavu kama chai ya rangi. Mwanga hupenya utando huo, hugonga tabaka la chini na kurudi machoni. Ndiyo maana vivuli vyake vina kina wala si vyeusi tu. Zebaki ni sumu, tuiache. Chini tumia nyekundu ya kadimiamu (na brashi hailambwi, jamani), juu alizarini ya kudumu, nyekundu inayopitisha mwanga.

Tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu. Mafuta ya kitani, yaliyomo ndani ya rangi hizi, hayakauki kwa kuvukiza kama maji, bali huvuta oksijeni hewani na kugeuka ngozi ngumu. Yakiwa mengi huchelewa kukauka. La juu likitangulia kukauka, picha itapasuka.

Sasa tazama jicho la kushoto la mwanamume huyo. Ule weupe si mweupe: umetiwa nyekundu na buluu kidogo sana, na vishipa vimechorwa kwa nyekundu rangi ikiwa bado mbichi. Mng'aro ni vidoa vinne vya nyeupe vilivyowekwa mwisho kabisa, kimoja kwenye duara la buluu na vitatu pembeni. Kila mtu hutaka kuanza navyo, kwa hiyo darasani tyubu ya nyeupe safi naificha hadi siku hiyo ifike.

Vernishi, ule utando wa mwisho wa kulinda picha, isubiri kama miezi sita. Nyuma ya ubao andika jina lako, mwaka, na "nakala ya van Eyck", kwa wino usiofutika.