Upungufu mdogo wa utambuzi: si kila anayesahau anaelekea kwenye dimensia

Mzee akiambiwa kliniki kwamba ana upungufu mdogo wa utambuzi, familia huuliza: "Itachukua miaka mingapi?" Swali hilo linachukulia kwamba dimensia, yaani kuzorota kwa akili kunakomnyima mtu kujitegemea, iko njiani na kilichobaki ni kuhesabu. Wapo ambao kwao ndivyo ilivyo. Kwa wengi sivyo, na hata vipimo vya kisasa kabisa hutabiri vizuri zaidi mwenendo wa kundi kuliko wa mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari.

Tuelewane kwanza. Mwenye upungufu huu anasahau, au anapata shida ya kupanga mambo au kupata maneno, kuliko watu wa umri na elimu yake, na vipimo vinathibitisha. Lakini bado anaendesha maisha yake: anatunza fedha zake, anameza dawa zake, anasafiri mwenyewe. Kujitegemea huko kunapoharibika ndipo tunapozungumzia dimensia.

Dhana: Ukishapewa jina hilo, dimensia ni suala la muda tu

Mwaka 2018 chama cha madaktari wa mfumo wa neva cha Marekani kilitoa mwongozo baada ya kukusanya tafiti nyingi. Kwa watu wenye upungufu huu waliozidi miaka 65, karibu 15 katika kila 100 walipata dimensia ndani ya miaka miwili. Ni hatari kubwa kuliko ya wenzao wa umri huo wasio na tatizo, hilo halina ubishi. Ila wengi walikuwa bado hawajaugua.

Mbona basi kuna takwimu za kutisha zaidi? Angalia zimetoka wapi. Tafiti za mwanzo, ikiwemo ya mtafiti Ronald Petersen na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani mwaka 1999, zilifuatilia wagonjwa wa aina ile inayofika kwa wataalamu wa kumbukumbu, na zikaona kama watu 10 hadi 15 katika 100 wakipata dimensia kila mwaka. Anayepelekwa huko mara nyingi ana mtu wa karibu aliyekwisha kuona mabadiliko. Watafiti wanaopita nyumba kwa nyumba na kupima kila mtu hupata kasi ndogo zaidi. Kabla ya kuogopa asilimia yoyote, uliza ilihesabiwa kwa watu gani.

Kisha kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi: wapo wanaorudi katika hali ya kawaida, na si wachache. Hata hivyo aliyerudi asisherehekee mno, kwa sababu tafiti zinaonyesha hatari yake ya baadaye hubaki juu kuliko ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na upungufu. Aendelee kupimwa.

Dhana: Alama za kipimo cha maswali zinatosha kutabiri

Vipimo viwili vya maswali vinavyotumika sana, MMSE na MoCA, vyote vina alama 30. Ni vifaa vya kuchuja, havikubuniwa kuwa ramli. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti kwa pamoja, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba MMSE ikifanywa mara moja inaweza kutambua nani kati ya wenye upungufu huu atapata dimensia. Uchovu, usingizi mbaya, usikivu hafifu, miaka michache ya shule, au kupimwa kwa lugha usiyoizungumza nyumbani, vyote hushusha alama.

Kinachosema zaidi ni mwelekeo. Mtu aliyepimwa leo, akapimwa tena baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, anampa daktari picha ambayo siku moja haiwezi kuitoa.

Dhana: Picha ya ubongo au kipimo kipya cha damu kitatoa jibu la mwisho

Hapa ndipo matumaini na biashara vinapochanganyika, kwa hiyo twende polepole.

Ugonjwa wa Alzheimer, mmoja wa magonjwa yanayoleta dimensia, huacha ubongoni alama za protini mbili, amiloidi na tau. Zinaweza kuonekana kwa picha za ubongo ziitwazo PET, kwa majimaji ya uti wa mgongo, na sasa kwa damu, hasa kupitia aina ya tau iitwayo p-tau217. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha namna hii, kwa watu wenye umri wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Ni hatua kubwa. Lakini kipimo hicho kinasema kama alama za Alzheimer zinaelekea kuwepo ubongoni. Hakitaji mwaka ambao mtu atashindwa kujitegemea. Kuna wazee wengi wenye amiloidi ambao akili zao ni timamu mpaka wanafariki, na kuna wasio na amiloidi wanaopata dimensia kutokana na mishipa ya damu ya ubongo au magonjwa mengine.

Halafu kuna hesabu. Chukua watu 100 wenye upungufu huu, na tuseme 15 watapata dimensia ndani ya miaka miwili. Tuwape kipimo kinachowakamata asilimia 80 ya watakaougua na kuwasafisha asilimia 80 ya wasiougua. Kati ya wale 15, kitawakamata 12. Kati ya 85 waliobaki, kitawatia hofu bure 17. Walioambiwa wako hatarini ni 29, na watakaougua kweli ni 12, hata nusu hawafiki. Walioambiwa wako salama ni 71, na watakaougua kati yao ni 3. Yaani jibu la "hapana" lina uzito kuliko jibu la "ndiyo", na hilo sijaliona kwenye tangazo lolote la kipimo.

Programu za akili bandia zinazosemekana kutabiri kwa usahihi mkubwa nazo zinabanwa na hesabu hiyohiyo. Nyingi zimefunzwa kwa data ya ADNI, mradi wa utafiti wa Alzheimer ulioanza Marekani mwaka 2004, ambao washiriki wake wengi ni weupe wenye elimu ya juu. Usahihi uliopatikana kwao hauhamii wenyewe kwa watu wengine.

Dhana: Mwenye jeni ya APOE4 hana pa kukimbilia

Jeni hii huongeza hatari ya Alzheimer, na nakala mbili huiongeza kuliko nakala moja. Wapo wanaoibeba hadi uzeeni bila dimensia, na wapo wagonjwa wasiokuwa nayo.

Dhana: Chanzo ni Alzheimer, hivyo hakuna cha kutafuta

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linafunga mlango uliokuwa wazi. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, kukatika pumzi usingizini, pombe, kutosikia vizuri: vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu. Dawa pia. Za usingizi, baadhi za mzio, baadhi za kibofu. Mfuko mzima wa dawa za mzee upelekwe kwa daktari, hata zile alizonunua mwenyewe.

Dhana: Ipo dawa ya kuzuia

Donepezili, dawa ya Alzheimer, ilijaribiwa kwa watu wenye upungufu huu, na matokeo ya 2005 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu hakukuwa na tofauti na dawa bandia. Vitamini E haikufua dafu. Lekanemabu, dawa inayoondoa amiloidi ubongoni na iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, ni kwa wenye amiloidi iliyothibitishwa tu. Katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27. Haikusimamisha ugonjwa, na inaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni. Mwongozo wa 2018 haukupendekeza dawa yoyote kwa upungufu huu. Ulipendekeza mazoezi ya mwili mara mbili kwa wiki.

Dhana: Bora mwenyewe asiambiwe

Kwa kawaida mtu mwenye upungufu mdogo bado ana uwezo wa kuamua mambo yake. Ndiye wa kusema nani amsaidie na fedha, wosia ukae wapi, na kama anataka kabisa kujua amiloidi yake ikoje. Wapo watakaokataa kipimo hicho, na daktari mzuri ataandika hivyo kwenye faili kisha apange tarehe ya kuonana tena.