Flashi ya buti ikikataliwa na seva, soma namba kabla ya kugusa nenosiri

"Fundi, seva imekataa paswadi." Hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia zaidi kwenye simu muhula unapokaribia kuanza, wakati shule za huku Tororo, Busia na Mbale zinaposafisha maabara zao za kompyuta. Mwalimu ameandaa mashine moja vizuri, ameiwekea Windows na programu zote, ametengeneza imeji ya diski yake (nakala nzima ya diski ndani ya faili), sasa anataka kuimwaga kwenye mashine zilizobaki. Anawasha ya kwanza kwa flashi ya buti, Windows PE (Windows ndogo ya kusakinishia na kutengenezea mashine) inafunguka na kile kidirisha cheusi cha X:\windows\system32>, anaandika net use ili aifikie folda ya imeji kwenye seva, na hapo kazi inakwama. Anachokimbilia ni kubadilisha nenosiri. Kisha analibadilisha tena. Hadi jioni hakuna anayekumbuka lililopo ni lipi.

Mimi nenosiri hulishuku mwishoni. Kabla seva haijalikagua, kadi ya mtandao lazima iwe na draiva, waya upitishe, mashine ipate anwani ya IP, mlango namba 445 wa seva uwe wazi, na pande mbili zikubaliane toleo la SMB, ile lugha ya kushirikisha mafaili mtandaoni. Kimojawapo kikiharibika, aliyeketi mbele ya skrini anaona jambo lilelile, kwamba hakuingia. Tofauti iko kwenye namba. Windows PE huandika "System error" na tarakimu zake, halafu sentensi ya maelezo. Watu husoma sentensi, tena nusu nusu, na namba wanaiacha.

"Soma namba, mwalimu."
"Inasema mtandao haupa..."
"Namba tu."
"Sitini na saba."
"Basi paswadi yako ni nzima. Angalia jina la folda."

Namba 67 mara nyingi ni habari njema. SMB hukagua mtumiaji kwanza, ndipo huuliza anataka folda gani. Kwa hiyo seva ikisema jina hilo haina, kwa kawaida mlango umeshapita na umekosea chumba. Nenda kwenye seva, andika net share, uone folda inaitwaje hasa mtandaoni. Jina la kushirikisha linaweza kutofautiana kabisa na jina la folda kwenye diski.

Namba 53 ni upande wa pili: seva haikufikiwa. Nenosiri halijatoka hata ndani ya mashine yako. Andika ipconfig /all na utazame kwa makini. Ukiona kichwa cha habari tu bila kadi yoyote chini yake, Windows PE haina draiva ya kadi hiyo. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: mashine imebuti kwa mtandao wenyewe, kwa PXE, imepakua Windows PE yote kupitia waya uleule, halafu inadai haina mtandao. Hakuna uchawi. Wakati wa PXE kadi inaendeshwa na programu iliyomo ndani ya bayosi yake. Windows PE ikishashika usukani inahitaji draiva yake yenyewe, na draiva iliyomo kwenye Windows ya diski haihusiki hata kidogo. Tafuta draiva ya biti 64 kama Windows PE yako ni ya biti 64, iweke kwenye flashi, kisha drvload ikifuatiwa na njia ya faili la .inf, halafu wpeutil InitializeNetwork. Haihitaji kuzima na kuwasha. Ikifanya kazi, iingize moja kwa moja ndani ya boot.wim (faili lenye Windows PE yenyewe) kwa DISM, chombo cha Windows cha kuhariri imeji, ili mwakani usirudie. Na kama unategemea waifai, acha; Windows PE ya kawaida haina waifai, utahitaji waya.

Kadi ikionekana lakini anwani inaanza na 169.254, draiva iko sawa ila hakuna aliyeigawia anwani. Katika maabara zetu sababu huwa za kawaida sana. Ruta ya kampuni ya simu iliyokuwa ikigawa anwani imechukuliwa ofisi ya mkuu wa shule, au swichi imekosa umeme huku seva ikiendelea kwenye betri yake. (Chomeka na swichi kwenye betri hiyohiyo. Haili umeme wa maana, na itakuepusha na ile namba 64, ya muunganisho kukatika, inayokuja katikati ya kunakili.) Kwenye swichi kubwa za ofisini kuna sababu nyingine: ulinzi dhidi ya mizunguko ya waya, ambao kwa mipangilio ya kawaida huushikilia mlango kama sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote. Flashi ya buti imeshaomba anwani na kukata tamaa kabla mlango haujafunguliwa. Subiri kidogo, kisha ipconfig /renew. Kama huna ruhusa ya kugusa mipangilio ya swichi hiyo, weka swichi ndogo ya bei nafuu kati yake na mashine zako, maana mlango wa swichi kubwa utabaki wazi hata mashine zikizimwa na kuwashwa.

Pasipo ruta kabisa, jipangie anwani mwenyewe:

netsh interface ip set address "Ethernet" static 192.168.10.21 255.255.255.0

Sasa piga ping, yaani mwito wa kuona kama seva inajibu, kwa namba ya IP ya seva, usitumie jina lake. Kwa namba ukipata jibu na kwa jina ukakosa, tumia namba uendelee na kazi. Mambo ya majina yatatengenezwa baadaye. Ping ikijibu, au hata isipojibu, na bado unapata 53, shuku fayawoli ya seva. Katika shule nyingi "seva" ni laptopu ya mtu. Ukiiunganisha na ruta mpya, Windows huweza kuuhesabu mtandao huo kuwa wa hadharani, na kwenye mtandao wa hadharani hairuhusu kushirikisha mafaili. Badilisha uwe wa binafsi, na 53 itaondoka bila kugusa kingine.

Tukifika 1326, hapo kweli tunazungumzia jina na nenosiri. Hata hivyo si lazima nenosiri liwe baya.

Tazama kibodi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika kwetu zimetoka Uingereza, na Windows PE bila kuambiwa lolote huichukulia kila kibodi kuwa ya Marekani. Herufi na tarakimu ziko palepale, kwa hiyo huoni tatizo ukiandika amri. Sasa chukua nenosiri lenye alama ya @. Kwenye kibodi ya Uingereza @ imechorwa kwenye kitufe cha pili kulia kwa herufi L, unaibonyeza pamoja na Shift. Windows PE ikipokea kitufe hicho inaandika alama ya kunukuu. Ile @ yenyewe imehamia juu ya 2, ambako macho yako yanasoma alama ya kunukuu. Ukiweka nyota mwishoni mwa net use ili nenosiri liombwe kando, herufi hazionekani unapoandika, kwa hiyo utalikosea lilelile kila mara ukiapa umeandika sawasawa, na kwa macho yako uko sahihi. Kibodi za Ujerumani hubadilishana Y na Z, na za Ufaransa zimehamisha hata A na tarakimu.

Dawa ni kuliandika nenosiri mahali penye wazi kabla ya kulituma. Andika neno rem, nafasi, kisha nenosiri, usome kilichotokea kwenye skrini. Hakikisha hakuna mwanafunzi nyuma yako, kisha futa kwa cls. Kama alama zimehama, wpeutil SetKeyboardLayout 0809:00000809 huirudisha kibodi ya Uingereza. Ikiwa dirisha lililo wazi halijabadilika, fungua jingine kwa start cmd. Kwa akaunti ya imeji mimi hutumia nenosiri refu la herufi ndogo na tarakimu tu, bila alama yoyote. Urefu unafidia.

Kisha jina. Windows PE ikiwaka hujipa jina la kubuni linaloanza na MININT. Ukiandika /user:imeji peke yake, mashine inajitambulisha kama imeji wa MININT hiyo. Seva nyingine huvumilia na kutafuta akaunti ya jina hilo kwake, nyingine hukataa papo hapo. Taja mwenyeji wa akaunti:

net use Z: \\192.168.10.2\imeji /user:SEVA\imeji *

Badala ya SEVA weka jina halisi la mashine yenye folda, au jina la domeni (mtandao wa taasisi ambao akaunti zake hutunzwa na seva kuu) kama akaunti ni ya domeni.

Laptopu iliyosajiliwa kwa barua pepe ya Microsoft ina mtego wake. Mwenye laptopu huingia kwa PIN ya tarakimu nne kila siku na anadhani ndiyo nenosiri. PIN haivuki mtandao, inafanya kazi kwenye mashine ileile tu. Na asiye na nenosiri kabisa atapata 1327, kwa sababu Windows hairuhusu akaunti isiyo na nenosiri kutumiwa kutoka mashine nyingine. Yote mawili yanaisha kwa akaunti mpya ya ndani, net user imeji * /add, ambayo haina uhusiano na barua pepe ya mtu.

1909 maana yake akaunti imefungwa kwa majaribio mengi. Hii hutokea zaidi nenosiri likibadilishwa kwenye seva na kusahauliwa ndani ya startnet.cmd ya flashi, faili la amri ambazo Windows PE huziendesha ikiwaka. Ukiwasha chumba kizima kwa mpigo, kila mashine inagonga na nenosiri la zamani. Windows 11 iliyosakinishwa upya tangu toleo la 22H2 huifunga akaunti kwa dakika 10 baada ya majaribio 10 yaliyofeli, kwa hiyo maabara ya mashine 20 inajifungia nje yenyewe kabla hujakaa kwenye kiti. 1219 nayo inasema tayari una muunganisho na seva hiyo kwa jina jingine: net use * /delete /y, ujaribu upya.

Namba ninayoipenda, kwa sababu hakuna anayeitarajia, ni 1398: saa ya mashine na ya seva hazikubaliani. Kompyuta iliyokaa stoo muda mrefu betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, na kila ikichomolewa kwenye umeme inarudi miaka mingi nyuma. Seva haimwamini mgeni anayetoka zamani. Andika date, weka ya leo, kisha time. Ila angalia, Windows PE ya Kiingereza cha Marekani inataka mwezi kwanza. Ukiandika 03-05 ukimaanisha tarehe tatu Mei, umeweka tarehe tano Machi, na seva itakukataa tena. Betri yenyewe inunuliwe. Ni ya bei ya chini na utaepuka kuweka saa kila asubuhi.

Wapo ambao bado wana CD za zamani za DOS zenye programu ya mtandao ya Microsoft, wamerithi kwa fundi aliyewatangulia. Nasema ziwekwe kabatini. DOS inaongea SMB ya kwanza na inatuma nenosiri kwa mtindo wa LAN Manager, wa herufi 14 zilizogeuzwa zote kuwa kubwa. Tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, Windows 10 mpya haiji tena na seva ya SMB1. Nimeona fundi akiiwasha SMB1 kwenye seva ya ofisi nzima ili CD yake ifanye kazi. Huo ndio mlango uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mnamo Mei 2017, na kuufungua kwa ajili ya CD ni hesabu mbaya.

Wanaotumia Clonezilla, programu ya Linux ya kunakili diski, hukutana na ugomvi huo kutoka upande mwingine. Linux kutoka kernel 4.13 haianzi tena na SMB1, kwa hiyo ikikutana na kisanduku cha kuhifadhia mafaili cha zamani inatoa mount error(112), inayodai seva imezimwa wakati unaiona inawaka taa. Zimeshindwa kuelewana toleo tu. Weka vers=2.0 kwenye amri ya mount, na kama kisanduku hakiijui hata hiyo, hamisha imeji uiweke kwenye laptopu. error(13) ndiyo ya jina, nenosiri au ruhusa, na yote niliyosema juu ya kibodi yanahusu hapo pia.

Ukishaingia, usianze kunakili papo hapo. Kama unachukua imeji ya mashine, jaribu kwanza kuandika: echo jaribio > Z:\jaribio.txt. Ikirudi "Access is denied", ruhusa ziko sehemu mbili, kwenye kushirikisha folda na kwenye folda yenyewe, na Windows hufuata ile yenye ubahili zaidi. Mtu hufungua moja akasahau nyingine. Na kama folda iko kwenye diski ya nje iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, faili litagota kwenye GB 4 hata ruhusa ziwe kamili.

Flashi yenye startnet.cmd hubeba nenosiri likisomeka wazi, na flashi hupotea kwenye boda kila siku. Ndiyo maana siweki humo akaunti ya msimamizi hata nikibembelezwa. Akaunti ya kumwaga imeji ina ruhusa ya kusoma folda moja tu; ya kuchukua imeji ni nyingine, na hiyo nenosiri lake huandikwa kwa mkono. Mashine ya mwisho ikimaliza, kwenye seva naandika net user imeji /active:no, na inabaki hivyo hadi muhula ujao.