Dokta, leza itaniondolea miwani? Maswali ya macho kutoka Moshi

Pale nje ya kliniki ya macho, watu husema wamekuja "kusafishwa macho". Neno hilo limebeba magonjwa manne tofauti, na tiba ya mmoja yaweza kumharibu mwingine.

Dokta, nina miaka 24, naendesha bodaboda. Miwani inajaa vumbi, mvua ikinyesha sioni barabara. Leza itanisaidia?

Huenda, kaka, kama shida yako ni kutoona mbali. Jicho lako ni refu kidogo, mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina kule nyuma. Leza haisafishi chochote. Inakwangua konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ili ipate umbo jipya. Konea hiyo katikati ina unene wa kama nusu milimita, kwa hiyo pa kukwangua ni padogo, na ndiyo maana vipimo huchukua muda mrefu kuliko leza yenyewe.

Njia mbili ndizo zinazotajwa sana. Kwenye lasiki, daktari anakata utando mwembamba wa konea, anaufunua kama ukurasa wa daftari, leza inapita chini yake kwa sekunde chache, utando unarudishwa. Wengi kesho yake wanaona vizuri. Kwenye PRK hakuna utando: ngozi ya juu kabisa ya konea inaondolewa, leza inapita, kisha ngozi hiyo inaota upya. Siku tatu nne za kwanza jicho linauma na kutiririka machozi.

Mimi, kwa mtu wa pikipiki, ningeanza kuuliza kuhusu PRK. Ule utando wa lasiki haushiki tena kama ulivyozaliwa nao, na pigo la jicho laweza kuusogeza hata baada ya miaka. Njia zote mbili zaweza kukuachia macho makavu na taa za magari zenye duara la mwanga usiku. Hilo kwako si dogo.

Uwe umefika miaka 18 na namba za miwani ziwe zimetulia angalau mwaka. Mjamzito na anayenyonyesha husubiri.

Mwanangu ana miaka 13, anafikicha macho kutwa, na miwani inabadilishwa kila mara. Afanyiwe leza?

Hapana, mama. Mtoto wa hivi apimwe kama konea yake inalegea na kuchongoka mbele. Kuipunguza konea iliyokwisha kuwa dhaifu ni kuibomoa. Yeye hutibiwa mzio kwanza, na konea ikionekana inazidi kuchongoka, inakazwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno. Hapo ugonjwa unasimamishwa, miwani inabaki. Na yale matone ya steroidi ya kujinunulia dukani, yanayotuliza mwasho haraka, yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho.

Mama yangu anauza ndizi Mbuyuni. Siku hizi noti anaisogeza hadi puani, na jua la mchana linamzidishia ukungu.

Huyo nadhani ana mtoto wa jicho: lenzi ya ndani, nyuma ya mboni, imechafuka. Inatolewa kwa ganzi, mara nyingi chini ya nusu saa, kupitia kijitundu kisichohitaji nyuzi, na ya plastiki inawekwa. Wazo hilo lilitoka kwa Harold Ridley wa London, aliyeona vipande vya plastiki vya ndege za vita vikikaa machoni mwa marubani bila kuleta madhara. Akaweka lenzi ya kwanza mwaka 1949. Nguvu ya lenzi hupimwa kabla, kwa hiyo mama aweza kuona mbali bila miwani, ila ya kusomea ataihitaji. Msisubiri "kuiva". Akishatoka, akae mbali na moshi wa kuni.

Na presha ya macho?

Upasuaji hushusha presha iliyo ndani ya jicho, ili usizidi kupoteza kuona. Kuona kulikopotea hakurudi.

Nina miaka 45, simu naisoma kwa kunyoosha mkono.

Huo ni umri. Nunua miwani ya kusomea. Hata aliyefanyiwa leza akiwa kijana hufika hapo.

Nianzie wapi?

Kitengo cha macho cha KCMC, hospitali ya hapa Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, au hospitali ya mkoa. Kama unavaa lenzi za kubandika juu ya jicho badala ya miwani, uliza uache kuzivaa siku ngapi kabla ya vipimo. Usije na pikipiki yako: matone ya kupanua mboni yatakuletea ukungu kwa saa kadhaa. Njoo na mtu wa kukurudisha.