Majivu ya London, maganda ya Mabatini

Kila ninapoitwa kwenye kikao cha mtaa hapa Mwanza kuzungumzia taka, hakosekani wa kuuliza kwa nini jiji lisijenge tanuri likachoma kila kitu kama Ulaya. Swali ni la haki, ila jibu lake limo ndani ya kiroba chenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 19, London ilipika na kuota moto kwa makaa ya mawe, hivyo sehemu kubwa ya taka za majumbani ilikuwa majivu, na majivu yalikuwa mali: wanawake waliyachekecha, yaliyo laini yakachanganywa na udongo wa matofali, na vipande vya makaa visivyokwisha kuungua vikatumika kuyachoma matofali hayo hayo. Wakati huo wakandarasi ndio waliozilipa parokia, zilizokuwa kama serikali za mitaa za enzi hizo, ili waruhusiwe kuzoa taka, jambo ambalo mzabuni wetu wa leo akisimuliwa hudhani anataniwa. Bei ya majivu ilipoporomoka, parokia zikaanza kuwalipa wazoaji. Mwaka 1874 mji wa Nottingham, huko huko Uingereza, ulijenga tanuri la kuteketezea taka, na katika matanuri ya aina hiyo masalia ya makaa yalisaidia moto usizimike.

(Paris ilianza na chombo. Mwaka 1883 Eugène Poubelle, kiongozi wa serikali aliyelisimamia jiji hilo, aliwaamuru wenye nyumba waweke mapipa yenye vifuniko, na hadi leo Wafaransa huliita pipa la taka kwa jina lake.)

Sasa fungua kiroba cha taka cha Mabatini, kata ya mlimani hapa Mwanza: maganda ya ndizi na viazi, magamba ya sato, mabaki ya ugali, majivu ya mkaa kiganja kimoja. Ukikiinua, maji yanakuchuruzikia hadi kwenye kandambili. Tanuri litakalopewa mzigo huo litadai mafuta ya kuukausha kabla ya kuuchoma.

Uzito huo wa maji ndio unaomtesa kijana wa toroli, kwa kuwa lori halipandi kwenye vijia vya mawe. Hushuka hatua kwa hatua, mwili ameuegemeza nyuma toroli lisimponyoke, mpaka kwenye kizimba, ambako taka husubiri lori la kwenda dampo la Buhongwa. Kijana akichelewa, wapo wanaotegea mvua na kumwaga mferejini, na maji hayo huishia Mto Mirongo, kisha ziwani.

Kwa hiyo kikaoni mimi huomba ndoo ya pili kwa kila nyumba, ya maganda peke yake, ili wafugaji wayachukulie huko huko mlimani na toroli lishuke na mzigo mwepesi.